Nimepangiwa Kasulu: shajara ya safari ya Desemba

Jumatano, Dar es Salaam hadi Dodoma

Desemba ikiingia, Mchagga hahitaji kuulizwa anaelekea wapi. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, mabasi ya Moshi yamejaa watu na mabegi, wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kwenda kuhesabiwa, kama tunavyosema wenyewe. Mimi leo nimeshika njia nyingine. Nimefika stesheni ya treni ya umeme na begi la nguo, mfuko wa shangazi kaja wenye vyombo, na bahasha ya kaki yenye barua ya kupangiwa kituo cha kazi: muuguzi mkunga, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Natakiwa kuripoti ndani ya siku 14.

Niseme wazi kwa nini barua hii imeniuma. Mama yangu yuko Machame. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na mdogo wangu ndiye anayemwogesha na kumpeleka mazoezi. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi hapa Dar ilipopunguza wafanyakazi, nilimshukuru Mungu hata kabla sijalipwa stahiki zangu, maana niliona njia ya kurudi nyumbani imefunguka. Nikaomba ajira serikalini. Nilifunga na kuomba nikitaja mkoa kwa jina: Kilimanjaro. Usaili nikafaulu, majina yakatoka, na mbele ya jina langu pakaandikwa Kasulu.

Kanisani walinifariji upesi: "Mungu ana makusudi, dada." Ninaamini ana makusudi. Ila neno hilo akiambiwa mtu ambaye hajamaliza kulia, linamnyamazisha tu. Mama ndiye aliyenisaidia. Tangu augue ulimi wake ni mzito, hivyo hasemi maneno mengi. Nilipompigia kumwambia nimepangiwa Kigoma alikaa kimya, kisha akasema, "Nenda. Na huko watu wanazaa."

Treni ilitoka kwa wakati. Hii ya umeme hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na kabla sijatulia vizuri tulikuwa tumeshapita Morogoro na kuingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa. Kila tulipoingia gizani niliona uso wangu kwenye kioo cha dirisha, nikageuka. Sikuwa na la kujiambia.

Alhamisi, Dodoma

Siku ya kusubiri. Kutoka hapa ni reli ya zamani, na treni ya Kigoma tumeambiwa itafika usiku. Stesheni kuna magodoro yaliyofungwa kamba, ndoo, baiskeli ya mtoto, akina mama waliotandika khanga wakalala. Nimepata kiti daraja la pili. Imefika saa nane usiku.

Ijumaa, Manyoni, Itigi, Tabora

Kumekucha tukipanda ukingo wa bonde la ufa kutoka Saranda kwenda Manyoni, injini ikivuta polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu mibuyu. Baada ya Manyoni vikaja vichaka vya Itigi, vimeshikana sana, kilomita na kilomita. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Nilitazama vile vichaka nikawafikiria Waafrika waliovifyeka kwa mikono.

Mbele yangu amekaa mama mtu mzima wa Ujiji, amejitanda mtandio wa kijani, anatoka Dar kumwona mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanifungulia kontena la vitumbua kabla hata hajaniuliza jina.

"Unakwenda kwa nani Kigoma, mwanangu?"

"Sina mtu, mama. Nakwenda kazini."

"Basi una Mungu, na una mimi mpaka Kigoma."

Nikamweleza yote: mama yangu, maombi, barua. Hakuniambia Mungu ana makusudi. Aliuliza mama anakula nini, analala upande gani, nani anamgeuza usiku. Baadaye sana, tumeshapita Itigi, ndipo akanieleza jinsi yeye anavyofanya akikabiliwa na jambo asilolijua mwisho wake. Huswali rakaa mbili, kisha huomba dua ya istikhara. Alinipa maana yake taratibu, akikunja kidole kwa kila ombi: Mola, kama wajua jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nirahisishie na unibarikie nalo. Kama wajua ni shari, liepushe nami na mimi uniepushe nalo. Unikadirie kheri popote ilipo. Kisha uniridhishe nayo.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "ndiyo huchelewa kuja. Lakini unaiomba hivyo hivyo."

Mimi ni Mlutheri wa Machame. Kuhusu Yesu mimi na yeye hatusemi kitu kimoja, na hakuna aliyejifanya tunasema kimoja. Ila maombi yangu ya mwaka huu yote yalikuwa na anwani, Kilimanjaro, na dua ya mama huyu inasema popote ilipo. Nimeitafakari mchana kutwa. Sidhani kumtajia Mungu anwani ni kukosa imani. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane alitaja alichokitaka, kikombe kimwepuke, akakirudia tena na tena, na papo hapo akayaachia mapenzi ya Baba. Yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja, usiku mmoja. Mtu anayeniambia niache kumlilia Mungu habari za mama ili nionekane nimeridhika, ananidai kitu ambacho Yesu hakukitoa.

Tumeingia Tabora kiza kikianza.

Jumamosi, Tabora

Mvua imekata tuta la reli huko mbele, njia ya Kigoma. Mabehewa ya Mwanza yamekatwa yakaondoka na injini nyingine, sisi tumebaki. Hakuna anayejua ni mpaka lini. Watu wamenung'unika kidogo, halafu wakaanza kupika. Kuna familia imewasha jiko la mkaa kando ya reli na tayari wana majirani. Wauza maembe wanapita dirishani, maana Desemba ni msimu wake na Tabora ni nchi ya maembe, pamoja na wauza asali kwenye chupa za maji.

Mchana, mwanafunzi mmoja wa chuo tuliye naye behewani alitaka kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Yule mama wa Ujiji akasema nenda, mizigo ataiangalia. Ni nyumba ya udongo mwekundu yenye kuta nene. Ndani kuna ubaridi. Wengi huja kwa ajili ya Mzungu huyo. Mimi nilichoondoka nacho ni barabara. Hapa ndipo palipokuwa Unyanyembe, makutano ya misafara, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Buganda, nyingine kurudi pwani. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu. Waliotekwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walipita hapa na kongwa shingoni, kuelekea Bagamoyo, safari ya miezi. Maembe tunayokula yalienea bara pamoja na njia hizo.

Nilisimama hapo nikajua kwamba kuna jambo lazima niliseme kabla sijaandika neno lingine juu ya uongozi wa Mungu. Si kila njia ambayo mtu hakuichagua ameongozwa na Mungu kuipita. Waliopita hapa na kongwa waliongozwa na wanadamu wenye bunduki na tamaa. Atakayesema Mungu ndiye aliyewapeleka Bagamoyo, anamsingizia Mungu. Tunampenda sana Yusufu kwa sababu hadithi yake iliisha vizuri, lakini someni anachowaambia ndugu zake katika Mwanzo 50. Hasemi walichofanya kilikuwa sawa. Anasema: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya." Analiita ovu kwa jina lake, kisha ndipo anasema Mungu alikusudia mema. Na analisema hilo ameshakaa miaka mingi katika nchi ya ugeni, baba yake ameshazikwa. Kule shimoni, na kule gerezani, hakuna mahali tunaposoma kwamba alijua.

La kwangu ni dogo. Hakuna aliyenikusudia mabaya. Mtu ofisini alikuwa na orodha ya vituo visivyo na wauguzi na orodha ya majina yetu, akavioanisha. Lakini nimeona wanawake wanaopigwa nyumbani wakiambiwa wavumilie kwa kuwa ndiko Mungu alikowaweka, na nimewashona nyuzi. Wao nawaambia waondoke.

Jumapili, Tabora

Kengele ilitukuta bado tuko behewani. Nilikwenda ibada kwa Wamoraviani, ambao wana mizizi mirefu huku. Urambo, stesheni chache mbele yetu, waliipokea kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898. Kanisa lilijaa. Ni Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, na somo lilikuwa Luka 2, amri ya Kaisari Augusto.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinisalimu, "Bwana Yesu asifiwe," akauliza natoka wapi, na tukakaa kivulini chini ya mwembe. Nilimuuliza swali ambalo lilinikaa tangu Dar: mtu atajuaje kwamba anaongozwa, kama hakuona ndoto wala kusikia sauti, ila alipokea barua tu? Akanieleza jambo la kanisa lao ambalo sikulijua. Kule Herrnhut, Ujerumani, tangu mwaka 1731 wanachapisha kitabu cha neno la kila siku, na mpaka leo aya za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura ya kuchota. Lakini zamani, karne ya 18, kura iliingia ndani zaidi. Walipiga kura nani aende misioni na wapi, na hata nani amwoe nani. Waliamini Mwokozi ndiye anayejibu kwenye karatasi.

"Mkaacha kwa nini?" nikamuuliza.

"Tulikua," akasema. Kisha akanikumbusha Matendo sura ya kwanza. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Sura ya pili Roho akashuka. Baada ya hapo hutawaona tena wakipiga kura. Wanaomba, wanashauriana, wanabishana hata, wanaamua, wanakwenda.

Nilirudi stesheni na Luka 2 kichwani. Mimi ni mkunga na kila mwaka nimeusikia mstari ule, lakini leo niliusikia kikunga: mwanamke mwenye mimba iliyokomaa, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu, na hakuna mkunga aliyetajwa. Kuhusu mimba, malaika Gabrieli alikuja mwenyewe akamweleza Mariamu. Kuhusu safari hakuja malaika. Ilikuja amri ya serikali. Augusto alitaka majina ya watu wake yaandikwe. Habari za nabii Mika, aliyetabiri kwamba mtawala atatoka Bethlehemu, hakuwa nazo wala hakuzihitaji. Mariamu na Yusufu nao hatusomi kwamba waliambiwa, twendeni maana Mika amesema. Waliondoka kwa sababu tangazo limetoka.

Sijilinganishi na mama wa Bwana. Ila nimekuwa nikidhani barua ya ofisi ni kitu kikavu mno Mungu kupitia, na Luka ananiambia habari njema yenyewe ilipitia humo.

Saa kumi na moja jioni honi ikalia. Jiko la mkaa likamwagiwa maji, watoto wakarushwa ndani kupitia madirishani, tukaondoka.

Jumatatu, Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Alfajiri tulifika palipokatika. Treni ilitambaa. Chini ya madirisha walisimama vijana wa reli, makoti ya mvua yamechakaa, majembe na mitaimbo mikononi, kokoto mpya nyeupe chini ya mataruma. Walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana ili sisi tupite. Behewa zima liliwapungia, na yule mama wa Ujiji akawatupia vitumbua vilivyobaki vikiwa vimefungwa kwenye mfuko.

Mabonde ya Malagarasi yamejaa maji. Nilisoma Matendo 16, kwa sababu yule mzee alisema nisiishie sura ya pili. Paulo anataka kuhubiri jimbo la Asia, anakatazwa. Anajaribu Bithinia, hapati ruhusa. Milango miwili imefungwa na hakuna sababu iliyotolewa. Anafika Troa, usiku anaona maono, mwanamume wa Makedonia anamwomba avuke awasaidie. Wanavuka, wanafika Filipi, na mwanamume yule hatajwi tena. Wanakuta wanawake kando ya mto. Wa kwanza kuamini ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Na Thiatira iko Asia, katika jimbo lile lile alilokatazwa! Kisha Paulo anapigwa bakora na kutiwa gerezani, katika mji alioitwa kwa maono. Nimesoma sura hii mara nyingi, lakini sikuwa nimeisoma nikiwa njiani kwenda nisikotaka. Imenipa nguvu kuliko aya zote nilizotumiwa kwenye simu mwezi huu, kwa sababu haifichi mlango uliofungwa wala haifichi bakora.

Uvinza wauza chumvi, kisha giza, kisha taa za Kigoma. Nilikuwa nimepanga kutafuta gesti. Mama wa Ujiji alikuwa ameshampigia mwanawe simu. "Nilisema mpaka Kigoma," akasema, "lakini usiku huu sikuachi." Nimelala Ujiji, kwenye chumba cha mjukuu, baada ya ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese.

Jumanne, Kasulu

Barabara ya lami inapanda, na kadiri inavyopanda baridi inaongezeka. Migomba! Milima ya kijani, migomba kando ya nyumba, ukungu. Sikutarajia, na niliumia kuiona, kwa sababu ilifanana na nyumbani na haikuwa nyumbani.

Halmashauri nilijaza fomu. Mama wa utumishi alinitazama juu ya miwani. Amewapokea wengi wanaoripoti, wanakaa muda mfupi, kisha wanaanza kuhangaikia uhamisho. "Na wewe unaondoka lini?" Nilimwambia ukweli: mama yangu ni mgonjwa, nikitimiza muda unaotakiwa nitaomba kusogea karibu naye, na mpaka siku hiyo nitafanya kazi kwa moyo wote. Alinyamaza, kisha akaandika kitu kwenye faili langu. Namtegemea Mungu, na pia nitaandika barua ya uhamisho siku itakapofika. Vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kugombana.

Jumatano, zahanati

Bodaboda, udongo mwekundu, shangazi kaja limefungwa kwa mpira nyuma yangu. Zahanati ina mganga mfawidhi, mhudumu mmoja, na tangu muuguzi wa mwisho astaafu hakuna mkunga. Chumba cha kujifungulia: kitanda kimoja, mizani ya watoto, taa ya sola, pazia lililofuliwa vizuri. Nikafungua kitabu cha MTUHA, rejesta ya taarifa za huduma za afya. Mwandiko wa aliyenitangulia ni mdogo, umenyooka, kila safu imejazwa, na unakoma katikati ya ukurasa. Kuanzia hapo mwandiko ni wa mhudumu, mkubwa, wenye mapengo mahali pa vipimo ambavyo hakufundishwa kuvichukua.

"Mwakeye," akina mama walinisalimu benchini. Nikajibu nilivyoweza, wakacheka kwa furaha, na kliniki ikaanza.

Wa saba alikuwa binti wa mimba ya kwanza, wiki ya 34. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma siku ya pili. Presha 150 kwa 100. Nikarudia baada ya kumpumzisha, ni ile ile. Mkojo una protini. Kadi yake ya kliniki, kwenye safu ya presha, ilikuwa tupu kwa ziara mbili zilizopita. Tulimpa dawa ya kuanzia, nikapiga 115, namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, na dereva akaja na gari lake kumpeleka hospitali, mama mkwe akiwa ameshika beseni na khanga mbili.

Jioni mganga mfawidhi alisema, "Mungu amekuleta kwa ajili ya yule." Nilimshukuru, lakini sitaliandika hilo kama ninalijua. Kuna mabinti waliopita hapa katika miezi ile ambayo safu ilikuwa tupu, na Mungu aliwapenda vile vile. Ninachokijua ni kwamba leo mashine ya presha ilikuwa mkononi mwangu, nami nilimwomba Mungu aniongoze nikiwa nimeishika, na nilipima mara mbili.

Nimempigia mama. Hali yake ni ile ile. Mdogo wangu amechoka, na nimeahidi mshahara wa kwanza utatoa hela ya dada wa kumsaidia. Mama aliuliza kama kuna baridi. Nikamwambia ipo, kama ya kwetu. Akaniambia nitafute sweta.

Nimeomba zamu ya usiku wa tarehe 24, ili mhudumu, ambaye ana watoto wadogo, akae nao. Kesho asubuhi kabla ya kliniki nitampigia muuguzi wa wodi ya wazazi hospitalini nijue presha ya yule binti imeshuka hadi ngapi.